Pole ya Kumpelekea Amparo

Naro Moru,
9 Februari 2024

Kwako Wachuka, mke wangu uliyenitoroka,

Habari ya huko kwenye baridi? Sisi huku tuko. Ng'ombe wako, mlima uko pale pale, haujasonga. Baba yako alitumwa Karatina kununua viazi vya mbegu akarudi na redio. Mama yako hajaongea naye tangu hapo, kwa hivyo redio imepata nafasi ya kuongea.

Najua utasema mume wako ni Theuri wa Timau. Sawa. Lakini wewe ulipewa jina la mke wangu, nyanya yako, siku uliyozaliwa, mimi nikiwa hapo nje nikingoja, na huyo Theuri amekuja juzi tu na mbuzi zake. Mwambie apange foleni.

Naandika kwa mkono kwa sababu mbili. Ya kwanza, masikio yangu yamefunga duka. Ukinipigia simu nasikia kama nyuki ndani ya debe, halafu naitikia ndiyo, ndiyo, na mwezi uliopita niliitikia ndiyo nikajikuta mwenyekiti wa kamati ya maji. Ya pili, simu yenyewe ni ya mama yako, na unamjua Phyllis. Kinachoingia katika simu yake asubuhi, jioni kiko kanisani kimekaa mbele.

Afya yangu ni nzuri isipokuwa meno. Meno yananisumbua, siku hizi nyama sili. Mama yako ananiwekea kwenye sahani, nampa paka. Paka amekuwa na shingo ya diwani.

Sasa jambo. Ni dogo tu.

Unakumbuka nilikuwa mpishi wa wapanda mlima. Kati yao kulikuwa na mwalimu mmoja wa Uhispania, Julián. Huyo alikuja mara nyingi mpaka akawa anaingia jikoni kwa marehemu nyanya yako bila kubisha, anafunua sufuria. Alikufa huko kwao kwa ugonjwa. Mjane wake anaitwa Amparo, yuko mji unaitwa Jaén. Huwa ananiandikia. Yeye anasema kwa Kihispania, mpwa wake anaweka kwa Kiingereza, nami namjibu kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, kile cha kuuliza kama ng'ombe wake ni wazima, na hana ng'ombe.

Sasa ameniomba kitu. Hapa kwetu kulikuwa na mutamaiyu mmoja ambao Julián aliupenda. Alisema ni ndugu ya mizeituni ya kwao. Amparo amekuwa mgonjwa, hawezi kusafiri tena, anataka nimtumie kijitawi cha ule mti akiweke karibu na kitanda. Bahati mbaya mti haupo. Ulikuwa kule chini mtoni, ndovu akauvunja.

Nataka kumwambia sorry. Lakini nataka imfikie kwa lugha yake, isipitie mdomo wa mpwa. Wewe umekaa huko miaka miwili unaongea hiyo lugha, niandikie tu hilo neno moja, sorry, kwa herufi kubwa, nitalichora kama nilivyochora jina langu siku ya kura. Usimwonyeshe mtu. Na usimsumbue yule mama.

Ni mimi, mume wako wa kwanza,
Guka Wamae


Granada,
3 Machi 2024

Guka wangu, mume mwenye wivu,

Barua yako imefika na alama ya kikombe cha chai mgongoni. Nimeinusa kabla ya kuisoma. Nimefurahi, nimecheka, kisha nikakumbuka zamu inaanza nikakimbia nikiwa na kiatu kimoja mkononi.

Mimi ni mzima. Kazi ya nyumba ya wazee ni ile ile. Wazee wa hapa wananiita "hija", yaani binti, hata wale ninaowanyang'anya sigara. Theuri anapiga simu kila jioni kutoka Timau na kunihesabia mashada ya maua waliyofunga kazini siku hiyo, kama kwamba nitanunua. Ameomba likizo ya Desemba. Nimemwambia kuhusu foleni yako. Amesema atangoja, lakini wewe ukae upande wa jua.

Habari ya meno sikuipenda. Nimemwomba Mama akupeleke kwa daktari wa meno Nyeri. Usimgombeze, ni mimi.

Sasa hilo neno. Guka, umeniomba moja, na hawa watu hawana moja. Waingereza wameweka vitu vingi ndani ya hiyo sorry yao kama mtu anayesafiri na gunia moja. Huku wanavitoa wanavipanga.

Ukimkanyaga mtu mguu kwenye foleni unasema "disculpe". Hiyo ni samahani, unaenda zako.

Mtu akifiwa, akianguka, akipatwa na jambo, unasema "lo siento". Maana yake ni kama kusema nalisikia ndani yangu. Ni ile pole yetu. Wengine huisema hata wakiwa wamekosa, lakini hata aliyekuwa mbali kabisa anaweza kuisema na kulala vizuri.

Halafu kuna "perdóneme". Hiyo ni nisamehe. Anayeisema ni mwenye kosa. Na akishaisema anakaa kungoja, kwa sababu sasa kazi ni ya yule mwingine.

Usidhani ni mchezo. Nilipokuwa mgeni hapa, mzee mmoja alifiwa na mkewe. Nikamshika mkono, nikataka kumpa pole, nikachukua neno la karibu, nikamwambia anisamehe. Akaniuliza, "Kwani ulimfanya nini?"

Kwa hivyo mimi pia nakuuliza. Nani alifanya nini? Kama ni ndovu, basi ni "lo siento", tumemaliza, na salamu kwa ndovu. Lakini ndovu wa wapi, Guka? Tangu waweke ule ua wa umeme umewahi kumwona hata mmoja? Na kule mtoni sikumbuki mutamaiyu. Nakumbuka mikuyu, na ule mti wa mapera ulioniangusha nikiwa darasa la tatu.

Nijibu upesi. Umesema yule mama ni mgonjwa.

Mke wako wa nusu,
Wachuka


Naro Moru,
28 Machi 2024

Kwako Wachuka, hakimu mkuu,

Salamu. Mvua inanukia lakini haijaingia. Baba yako na mama yako wamepatana, redio imenyamaza, nyumba imekuwa baridi.

Mama yako alinipeleka kwa daktari wa meno kama ulivyoamuru. Ni mtoto mdogo tu, hata ndevu anazichora. Alinigongagonga mdomoni kwa kichuma, akasema kitu. Mimi sikusikia. Mama yako alisikia, na tangu hapo ananitazama vibaya.

Mbuzi nimeuza. Wote. Warfa, yule mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, alikuja na lori. Akaniuliza, "Mzee Wamae, bila mbuzi utaongea na nani?" Nikamwambia nitaongea na yeye, hata mbuzi walikuwa hawanisikilizi. Aliwapakia akitingisha kichwa. Aliniuliza mara mbili kama mimi ni mgonjwa. Uzee tu, nilimwambia. Sitaki tena kusikia mbuzi hapa.

Sasa wewe. Nimekuomba neno, umenifungulia mahakama. Nani alifanya nini, ndovu wa wapi, mti wa wapi. Polisi wa Nanyuki hawaulizi hivyo. Kama humtaki ndovu, basi weka kiangazi. Kiangazi kiliua miti mingi, kila mtu anajua.

Lakini nitakuambia kitu kimoja ambacho hukijui, ili uone si jambo la kuchezea.

Julián alipokufa walimchoma, kama wanavyofanya wengi huko. Miaka michache baadaye Amparo alikuja hapa akiwa na kibweta kidogo cha majivu yake, amekikumbatia kwenye gari tangu Nairobi. Akasema mumewe aliomba sehemu yake iwekwe chini ya ule mutamaiyu. Mimi nikakosa pa kutazama. Unajua watu wetu na mambo ya wafu. Mtu anachomwa? Halafu analetwa kwa mkono kama sukari? Nyanya yako alinuna jioni yote. Asubuhi nikasikia jembe, nikatoka, nikamkuta ni yeye anachimba. Akaniambia, "Huyu alikula kwangu. Nimwache nje?"

Tukamweka, sisi watatu. Hatukumwambia mtu, hata baba yako. Watu wangesema boma la Wamae linafuga majivu ya Wazungu. Na nyanya yako akaenda zake, ikabaki mimi na Amparo tunaojua.

Ndiyo sababu anataka kijitawi. Si majani anayotaka.

Kwa hivyo nipe lile la katikati, "lo siento". Nimelijaribu mdomoni, linanikaa vizuri kama koti. Ama kuna lingine hapo kati ya hilo na la mwisho? La mtu ambaye hakufanya, lakini alikuwa karibu? Uliza wazee wako hapo, lazima wanalo.

Guka


Granada,
22 Aprili 2024

Guka,

Natumaini mvua imeingia na wote ni wazima. Mimi ni mzima.

Uliniambia nisimsumbue yule mama. Nimemsumbua. Jaén ni safari ya basi tu kutoka hapa, na Jumapili sikuwa na zamu. Nilidhani nitampelekea salamu zako na kumtazama tu, maana kazi yangu ni wazee na nikisikia mzee mgonjwa siwezi kukaa.

Ni mdogo, Guka. Ukimwinua ungedhani umeinua nguo. Ana mipira ya hewa puani. Lakini aliponisikia nataja Naro Moru alitaka kuinuka anipikie. Nikapika mimi, yeye akiniamuru kutoka kwenye kiti. Aliniambia ulikuwa ukiweka chumvi nyingi kule juu mlimani na kusema ni baridi inayokula ladha.

Ukutani kuna picha kubwa. Julián ameketi kwenye kigoda, ameegemea mti, ana kikombe cha bati mkononi. Nyuma yake kuna mlango wa bati wa rangi ya buluu, una ile alama ya mkono wa Baba alipoushika kabla rangi haijakauka.

Ule si mtoni. Ule ni mti wa nyuma ya ghala.

Guka, ule mti mimi niliula.

Nilikuwa nimekuja likizo, Novemba, siku ya ruracio yangu, walipoleta mahari. Wazee wa Timau wako nje na mbuzi zao, sisi wanawake ndani, mvua inapiga mabati. Mama akaniletea nyama kwenye sahani akasema, onja hii, wamepata kuni za mutamaiyu, wageni wanalamba vidole. Nikaonja. Nikamwambia aniongeze. Asubuhi yake niliona kisiki, nikakiruka kwenda kuchota maji, sikuuliza kitu. Kwangu ulikuwa mti tu.

Amparo aliniuliza, "Mti unaendeleaje?" Nikamwambia sijakaa nyumbani siku nyingi. Akasema, "Julián ana bahati. Kati yetu sote ni yeye peke yake aliyepata kivuli." Nilienda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na nimeutoa kwako.

Hakuna neno katikati, Guka. Nimeuliza.

Ndani ya bahasha nimeweka karatasi mbili. Moja nimeandika LO SIENTO, nyingine PERDÓNEME, na chini ya kila moja nimeacha nafasi. Maana zake unazijua. Kuchagua sitakuchagulia. Nakuuliza swali moja tu, na ukitaka usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Shoka lilitoka wapi?

Mama ameniandikia kwamba daktari alisema una meno imara kama ya punda. Kwa hivyo habari ya paka siielewi.

Wachuka


Naro Moru,
30 Juni 2024

Kwako Wachuka,

Nimechelewa. Ningeweza kusema ni posta, lakini posta haina makosa. Barua yako imekaa chini ya godoro langu tangu ile mvua kubwa, na mama yako ametandika kitanda juu yake kila asubuhi akilalamika kwamba godoro lina uvimbe.

Wote ni wazima. Ng'ombe amezaa. Ni jike.

Sasa sikiliza, nitasema mara moja.

Siku yako ile mvua ilinyesha kama imetumwa. Unajua desturi: wageni wanachinja na kuchoma wenyewe, kwetu ni kuleta kuni. Na siku hiyo mgeni hanyimwi kuni. Ukimnyima kuni ni kama umesema hata msichana hatoki. Kuni zangu zililowa zote. Tukaleta za mgravilea, zikatoa moshi na machozi, nyama imekaa pale mbichi inatutazama. Ndipo yule mjomba wa Theuri, Peterson, yule mrefu wa kofia, akazunguka nyuma ya ghala akarudi akipiga makofi. "Mzee Wamae! Mnatulisha moshi na mutamaiyu umesimama hapo? Huo si unawaka hata mbichi?"

Watu wakacheka. Wakanigeukia.

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni: si huo. Lakini wangeuliza kwa nini. Ningesema kuna mtu chini yake. Mtu? Wa nani? Mzungu. Alizikwaje nyuma ya ghala? Alichomwa, akaletwa kwa kibweta. Nikawaona wale wazee wakiokota kofia zao na fimbo zao. Nikakuona wewe huko ndani umejifunika leso, ukingoja watu ambao wameshaondoka.

Kama ningenyamaza tu, Wachuka, ningechukua hiyo "lo siento" yako bila aibu. Ningesema nilikuwa karibu.

Sikunyamaza. Uliuliza shoka lilitoka wapi. Lilitoka ghalani. Niliinuka mwenyewe, nikaingia, nikalitoa, nikamkabidhi Peterson kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Na unanijua, siwezi kumpa mtu kitu bila kuongeza neno. Nikasema kwa sauti, "Kateni huyo! Amekaa kwenye kivuli changu bure miaka mingi, leo alipe!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tope. Nimetoa mizaha tangu nitoke kwenye nepi, na huo ndio uliochekesha watu kuliko yote. Hakuna aliyejua ni wa nani isipokuwa mimi. Nami nilicheka pamoja nao, nikisikia shoka.

Walipoondoka nilizoa majivu ya ule moto kwa koleo nikayarudisha pale chini ya kisiki. Majivu kwa majivu. Sijui kama ni heshima au ni matusi mengine. Nyanya yako angejua, lakini nashukuru hakuwepo.

Kuna kingine. Baada ya mvua, kisiki kimetoa machipukizi. Usifurahi. Nilipoyaona nilifurahi mimi, na hapo ndipo nilipojiogopa. Maana nilifikiri hivi: nakata kijitawi, natia ndani ya bahasha, nasema Amparo, hiki hapa. Ni cha mti ule ule, mizizi ile ile, Julián yule yule. Hakuna neno hata moja la uongo. Naye angekufa akijua mumewe ana kivuli. Nilikaa na wazo hilo majuma mengi na lilikuwa tamu sana. Kitu kikiwa kitamu hivyo kwangu siku hizi nakishuku.

Nikatoa karatasi zako. Nilianza na ile ya "lo siento", nikaandika chini yake kuhusu mvua na wageni. Peni ilitembea vizuri mno. Nikasoma, nikaona nimeandika habari za jirani. Nimewasha nayo moto wa chai.

Kwenye ile nyingine nimelichora neno mwenyewe, lile refu, na ule mkwaju wake juu ya O. Chini nimeandika kwa Kiswahili: mti, mvua, shoka, mikono yangu miwili, na nilichosema. Uyaweke kwa Kihispania. Uweke na ule mzaha. Usiulainishe. Kuna majani manne ya machipukizi, ni madogo, usimwambie ni makubwa.

Mpelekee mkononi. Na usimwambie wewe ulikula. Hiyo haimo ndani ya barua yangu.

Guka


Granada,
29 Julai 2024

Guka wangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa ndama. Mwite jina langu, uwe na mmoja asiyetoroka.

Nimepeleka.

Kutafsiri kulinichukua siku nyingi. Mvua na shoka vilikuwa rahisi. Mzaha ndio ulionikataa. Mara tatu niliuandika ukatoka na adabu, ukawa kama mtu mwingine ndiye aliyeusema. Mwishoni nilifunga macho nikauandika kama ninavyokusikia wewe. Ukatoka mbaya kabisa. Ndio nikaupeleka.

Amparo hakutaka nimsomee. Alichukua kioo chake cha kukuzia akasoma mwenyewe, pole pole. Kwenye lile neno lako la juu aliweka kidole, akakiacha hapo, akasoma mengine yote kidole kikiwa pale pale. Alipofika kwenye mzaha alirudia. Nilijua ni hapo kwa sababu midomo yake ilisogea.

Sikuweza kukutii, Guka. Nilimwambia siku hiyo ilikuwa yangu, kwamba nilikula na kuomba nyongeza, na kwamba nilipomwambia sijakaa nyumbani nilimdanganya. Nilisema neno lile lile ulilolichora wewe. Ni gumu kwa mdomo, uliliweza vizuri kwa peni.

Ile mashine ya hewa ndiyo iliyokuwa ikiongea. Aliyachukua majani akayapanga juu ya blanketi, akayatazama, kisha akaniomba niyachomeke kwenye fremu ya ile picha, upande wa juu, mahali ambapo matawi yanaanza.

Hajasema amekusamehe. Nakuambia ukweli kwa sababu umeniambia ukweli. Nilingoja mpaka karibu nikose basi.

Nilipokuwa mlangoni nimevaa koti, akaniita. "Na nyama je?" aliuliza. "Ilikuwa nzuri?"

Sikujua anacheka au analia, ile mipira inamficha uso. Nikafungua mdomo nijibu. Akainua mkono. "Si wewe. Muulize yeye."

Kwa hivyo nakuuliza, Guka. Jibu upesi. Nimeona wagonjwa wengi, na sidhani ana muda wa posta yako na godoro lako.

Wachuka wako


Naro Moru,
12 Agosti 2024

Kwako Wachuka,

Barua yako imefika leo mchana na najibu nikiwa nimesimama posta, kwenye ile meza yao ya kutikisika. Nyumbani wote ni wazima. Ndama anaitwa kama ulivyosema na ameshatoroka mara moja.

Mpigie simu Amparo siku hii hii ukipata barua, usingoje Jumapili. Mwambie ilikuwa nzuri. Usipunguze. Mwambie mafuta yalinishuka mpaka kiwiko, nikayafuata kwa ulimi mbele ya wakwe. Mwambie nilikula mpaka Peterson akaniuliza kama bwana harusi ni mimi. Alinikatia mbavu mara ya pili nami sikukataa, nilisogeza sahani.

Halafu mwambie tangu siku ile nyama haijapita kooni mwangu. Sikuapa, sikufunga, si mambo ya kanisa. Naiweka mdomoni, nasikia ule moshi, inakataa kwenda. Asinihurumie kwa hilo. Ameniuliza, namjibu.

Na wewe, zungumza na mama yako kwa upole, aache kunipondea viazi kama mtoto. Meno yangu hayana shida yoyote.

Wamae